Wali wa Chupani

Simu ilinikuta nimekaa barazani hapa Barani, Malindi, ungo mapajani, nachagua mchele. Alikuwa mjukuu wa Hawe Sidi, anapiga kutoka Jilore. Hawe kwa Kigiriama ni nyanya, na mimi nilimwita hivyo tangu nina miaka kumi na tisa, ingawa hatukuwa na damu moja wala dini moja. "Shangazi Rukia," akasema yule kijana, "Hawe ametutoka alfajiri. Alilala tu nyumbani kwake, hakuamka." Nikasema yale tunayosema Waislamu mtu akifa, lakini hayo maneno "nyumbani kwake" yaliniingia kifuani. Yeye kijana hakujua uzito wake. Akaendelea: "Na ameacha neno. Wali wa matanga upikwe na wewe, usiguswe na mtu mwingine. Akasema wewe utajua kwa nini." Nilijua. Binti yangu Zuhura akaniuliza, mama, mbona umekamata huo mchele hivyo? Nikatazama, kumbe nimeufumbata mkononi mpaka kucha zimeniachia alama.

Nataka kuuandika mwaka ule kabla na mimi sijaitwa. Ulikuwa mwaka uliofuata njaa, ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada, na kila mtu wa pwani aliyekuwa na akili zake wakati huo anaukumbuka. Mvua ilirudi kwa wingi, tukashukuru, na nyuma ya mvua wakaja panzi. Si nzige wa kuruka mbinguni, la. Ni wale panzi wa rangi, kijani na njano na vidoa vyekundu, wazito, wavivu wa kuruka, ukimshika mkono mzima wanuka. Walikula mchicha, wakala kunde, wakala mabiringani mpaka mti unabaki kama fimbo. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, mimi nimepanga chumba kwa Bi Zena, nina mimba ya kwanza, na jioni naenda gumbaru kujifunza kusoma na kuandika pamoja na mama wengine waliokuwa wakinizidi umri mara mbili. Chumba cha nyuma cha nyumba ile ile alikipanga Bwana Katana, mtu wa kilimo. Siku moja akaniuliza kama najua kupika wali. Nikacheka. Kumuuliza mke wa Barani kama ajua kupika wali!

Kumbe wali wenyewe ulikuwa wa kupikwa chupani. Aliniletea chupa za kioo, bapa, zenye shingo fupi. Mchele unaoshwa, unalowekwa, unatiwa chupani kiasi cha vidole vitatu, mdomo unazibwa na pamba, halafu chupa zinapangwa kwenye jungu la maji na kufunikwa zichemke kwa mvuke mpaka punje ziive nusu, kila moja ijitenge na mwenzake. Mara ya kwanza nilifanya kama nilivyozoea. Nikakuna nazi, nikatia tui na chumvi, maana wali mkavu kwetu apewa mgonjwa wa tumbo. Bwana Katana alinusa, akakaa kwenye kigoda akashika kichwa. "Rukia," akasema, "huyu hali wali wa harusi. Huyu ataka wali mtupu." Nikamuuliza ni nani huyo. Akafungua kibati cha dawa, na ndani mlikuwa na panzi mmoja amekufa. Mwili wake ulikuwa mwekundu kama aliyechemshwa, na katika kila kiungo, shingoni, magotini, palipotoka miguu, alikuwa ameota unga wa kijani. Amekaa vile vile kama yu hai. Macho wazi. "Huyu ukungu," akasema, "ndiye mgeni wako. Humwingia panzi akiwa mzima, humla ndani kwa ndani, kisha hutoka nje kutafuta mwengine. Mtu haumwingii. Mboga hauidhuru. Tukiuotesha kwa wingi, tunaunyunyiza kwenye mashamba." Nikasema sawa. Lakini niliosha mikono mara mbili, na mwanangu tumboni siku hiyo alitulia mno.

Bi Zena hakuniacha nipumue. Alikuwa mama mkubwa, mnene, mwenye sauti ya kusikika msikitini. "Mwaka jana twagombania mahindi ya msaada, mwaka huu mchele wapikiwa wadudu!"

"Si wadudu, Bi Zena. Ni ukungu."

"Afadhali wangekuwa wadudu. Mdudu ana roho. Na wewe na tumbo hilo, wakaa chumba kimoja na kitu kiotacho?"

Panzi yule alitoka shambani kwa Hawe Sidi. Bwana Katana alinipeleka Jilore ili nione mwenyewe, na ili nimsaidie kuokota wengine. Tulifika asubuhi na mapema, umande haujakauka. Njia ilipita katikati ya mashamba yaliyoliwa, na nakumbuka sauti. Watu hawaamini nikisema panzi wakiwa wengi husikika wakila. Ni mchakacho mdogo, kama mtu anatafuna bisi chumba cha pili, haukomi. Ulitufuata shamba baada ya shamba, na la mwisho lilikuwa la Mama Dama, jirani wa Hawe Sidi. Kisha tukavuka kijito kidogo cha maji ya mvua tukaingia kwa Hawe Sidi, na sauti ikakatika. Mabiringani yamesimama, meusi yanang'aa, majani mazima. Bamia zimechanua. Na juu ya kila mti, kwenye ncha kabisa, panzi. Mamia. Wamekumbatia mashina, vichwa juu, kama watu waliopanda kuangalia mbali. Hakuna aliyetikisika. Wengine wekundu, wengine wamevaa weupe kama sufi, wengine kijani. Upepo ulipopita miti ikainama na wao wakainama nayo. Nilisoma kila dua niliyoijua.

Hawe Sidi alitoka nyumbani mwake akijifunga leso. Mwanamke mdogo, mkavu, ameshapoteza meno ya mbele. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Usiwaogope, hao wamemaliza." Akatutengea vigoda, akatupa viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi, na tulipokuwa tunakula nikasikia watu wanapita njiani upande wa pili wa ua wa miti. Hawakutuona. Sauti ya mwanamume ikasema, "Ua wenyewe hauna hata mlango wa kuwazuia panzi. Anawatuma kwetu wakila wakishiba anawaita kwake wakafe." Sauti ya mwanamke ikajibu, "Leo ni panzi. Kesho utamwona mtu juu ya mnazi amekumbatia, ameota." Mwanamke huyo ndiye Mama Dama. Hawe Sidi aliendelea kumenya kiazi. "Wamenipa muda mpaka baraza la wazee," akamwambia Bwana Katana kana kwamba anazungumzia mvua. "Wasema nikubali ni mimi, nihame. Nisipohama watanihamisha wao." Sote tulijua wanawake wazee wanahamishwaje. Yupo mmoja upande wa pili wa mto ambaye nyumba yake ilibaki nguzo nyeusi tu.

Bwana Katana alikwenda kwa wazee na naibu wa chifu siku ile ile, nami nikakaa nje nikasikiliza. Aliomba wiki sita. Akasema ataleta dawa iliyotokana na panzi hao hao, atainyunyiza kwa Mama Dama, na panzi wa huko nao wakifa na kuota, basi si mkono wa Hawe Sidi, ni ugonjwa wa panzi tu kama homa ilivyo ya watu. "Na wasipokufa?" akauliza mzee mmoja. Bwana Katana akasema watakufa. "Nimekuuliza, na wasipokufa?" Baraza likampa hizo wiki sita. Kwa hiyo nyumba ya yule bibi ilikuwa imetundikwa kwenye chupa zangu, na mimi nilijua.

Nikapika. Nilipika chupa arubaini, nikiziacha zipoe huku nimekaa mlangoni nimejifunika mdomo kwa leso. Bwana Katana akatia ndani ya kila moja ule unga wa kijani kwa ncha ya kijiti kilichopitishwa motoni, haraka, akarudisha pamba. Akaniambia andika kwenye karatasi, ubandike, mbegu hii imetoka wapi. Gumbaru tulikuwa tumefika herufi zote. Nikaandika SIDI. Lilikuwa neno langu la kwanza kuandika nje ya darasa, nikaliandika mara arubaini, ulimi nje. Kisha Bwana Katana akaenda Kilifi ofisini kwa wiki mbili, akanikabidhi ufunguo, akanionya: pamba isitoke. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza, nilidhani ni mambo ya usafi tu.

Siku ya tatu punje zilifanya ukungu mweupe. Siku ya sita nyuzi zilitanda kwenye kioo, kama utando wa jicho la mzee. Chumba kilinuka udongo wa mvua ya kwanza, na ndani yake utamu mdogo ambao sijapata kuunusa tena. Kila nikiingia nilihisi nimekatiza mazungumzo. Najua chupa haina pumzi, lakini kioo kilitoka jasho asubuhi na kukauka mchana, na pamba juu ililowa kama imelambwa. Bi Zena alichungulia siku moja begani kwangu. Yeye hakujua kusoma. "Umeandika nini hapo?"

"Sidi."

"Sidi nani?"

"Bibi mwenye shamba."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Bi Zena akarudi nyuma hatua mbili kama aliyekanyaga kaa. "Jina la mtu aliye hai, chupani, juu ya kitu chenye kuvunda! Arubaini nzima! Na wewe mja mzito! Rukia, kama hukiogopi chumba hiki basi chumba kimeshakuzoea." Akaniambia kesho Alhamisi nifukize. Kwetu hilo si ajabu. Kuamkia Ijumaa kila nyumba hufukizwa ubani, chetezo kinapitishwa chumba kwa chumba, hata kabatini, hata chini ya kitanda. Chumba kile peke yake kilikuwa hakijapata ubani tangu nipewe ufunguo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuota ndoto za mtoto anayezaliwa mweupe kama pamba.

Alhamisi baada ya alasiri nikaingia na chetezo. Nikafukiza pembe nne. Halafu nikafikiri, moshi unapita nje ya chupa, kilicho ndani haukifikii. Basi nikaanza na chupa ya kwanza. Nikatoa pamba, nikausogeza mdomo wake juu ya moshi mpaka ukaingia, nikasoma Ayatul Kursi, nikapuliza kwa pumzi yangu, nikarudisha pamba. Ya pili hivyo hivyo. Zote arubaini. Nilifanya kwa moyo safi kabisa, na nilipomaliza nilitoka mwepesi. Usingizi wa siku ile sikuupata tena mwaka mzima.

Bwana Katana aliporudi nilikuwa nimeshajua kuna kitu. Badala ya kijani, chupani mlikuwa na manyoya meusi yaliyosimama, na katika nyingine ute wa rangi ya machungwa. Harufu ya udongo imekwenda, imebaki harufu ya wali uliochacha. Alishika moja akaielekeza dirishani, akaweka, akashika nyingine. Hakuniangalia. "Kuna mtu amefungua?"

Nikasema, "Labda panya."

Mimi, ninayesali sala tano. Aliangalia pamba zilivyoziba vizuri, akasema, "Panya," akatoka nje. Nikamsikia anamwaga chupa shimoni moja baada ya moja, nikihesabu karatasi za SIDI zinazoingia matopeni. Siku mbili nilisali na sala haikupanda. Siku ya tatu, baada ya alfajiri, nilimkuta amekaa uani nikamwambia yote, ubani, dua, pumzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akanieleza kwamba hewani na katika pumzi ya mtu mna mbegu za kila aina ya uvundo, na wali mtupu hauchagui, aliyefika kwanza kwa wingi ndiye mwenyeji. Akasema kupika tena na kungoja iote, kisha kungoja panzi wafe, muda hautoshi. Nikamwomba msamaha. "Mimi nina mshahara," akasema. "Usiniombe mimi."

Basi nikaenda Jilore peke yangu. Nilimkuta Hawe Sidi anapepeta kunde. Nikakaa chini, nikamwambia yote. Nilingoja anifukuze. Akauliza, "Uliufukiza na kuusomea dua?"

"Ndiyo, Hawe."

"Na jina langu lilikuwa pale?"

"Lilikuwa."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, kumbe umenisomea mara arubaini! Mwenyewe sijawahi kuombewa hata mara tatu." Halafu akafuta macho, akatazama shamba lake. "Kwani mimi nilikuwa na chupa? Hawa waliota bila chupa. Tuwaokote."

Asubuhi mbili tuliokota. Unawang'oa mmoja mmoja, na miguu haitaki kuachia, inakatika kwa sauti ndogo. Yeye alileta kinu kibovu kisichotumika kwa chakula, tukawaanika kivulini, tukatwanga, tukachekecha kwa leso nyepesi. Ukatoka unga wa kijani, laini kuliko hina. Lakini tulipoutia majini ulikataa. Ulielea juu, mkavu, ukichovya kidole kinatoka kikavu. Tulikoroga, wapi. Hawe akasema labda ndiyo basi. Mimi nikakumbuka siku ya kwanza, tui langu na Bwana Katana alivyoshika kichwa. Kile kisichoshikana na maji hushikana na mafuta, kila mpishi ajua. Nikaomba mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka nywele. Nikatia unga ndani, ukanywa mara moja, ukawa uji mzito wa kijani. Nikakoroga na maji ya sabuni kidogo, ukakubali.

Kazi ikabaki kwa Mama Dama. Hawe hangeweza kuvuka kile kijito, wangemtoa kwa mapanga. Nikaenda mimi na ndoo. Mama Dama alisimama mlangoni kwake, mwanamke mrefu wa makamo, watoto sita nyuma yake, shamba lake limebaki matuta manne ya mabiringani na hayo nayo yanaliwa tukitazamana. Sauti ile ya kutafuna ilikuwa kati yetu.

"Hiyo imetoka kwake."

"Imetoka kwake," nikasema. "Sikufichi."

"Ikitumaliza sisi?"

Sikuwa nimepanga nilichofanya. Nilikunja mkono wa gauni, nikautia mkono ndooni mpaka kiwikoni, nikautoa unachuruzika kijani. "Nitakaa hapa kwako," nikasema. "Nitalala ndani mwako, na mtoto wangu tumboni. Ikiota kwa mtu, itaanza na sisi wawili. Utuone."

Aliwarudisha watoto ndani kwa mkono mmoja. Kisha akasogea pembeni ya mlango.

Nilinyunyiza yale matuta manne jioni ile kwa fagio la chelewa, panzi kwa majani. Na nikakaa. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Mama Dama alinishika mkono, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akaugeuza, akaangalia katikati ya vidole, kwenye kucha, kwenye kunjo la kiwiko. Akaniachia, akapika sima. Alinilisha vizuri, sima na mboga ya mchunga, lakini nisiguse sufuria. Siku moja nilimkunia nazi nikidhani nasaidia, akaimwaga yote nje. Wanaume walipita kuniangalia kama ng'ombe wa mnada. "Huyu anatawadha mara tano kwa siku," mmoja akasema, "huo ukungu utapata wapi pa kushika?"

"Basi na nyinyi ogeni," akajibu Mama Dama bila kugeuka.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu, ya tano, panzi wanakula tu. Nilianza kuona mambo. Asubuhi ya sita niliamka nikaona weupe pembeni ya ukucha wangu, nyuzi nyuzi, laini. Nilikaa kwenye mkeka nikiutazama huo ukucha, mkono wa pili juu ya tumbo, nikangoja mtoto acheze. Hakucheza. Mama Dama akaja, akanishika mkono, akaona. Tulitazamana. Akakivuta kile cheupe kwa kucha zake mbili, taratibu, kikatoka, akakiangalia kwenye mwanga. "Sufi," akasema. "Mto umepasuka." Na pale pale mtoto akanipiga teke, nikalia kwa sauti, na Mama Dama akakaa karibu nami kwenye mkeka, mara ya kwanza, mpaka nikamaliza.

Siku ya tisa walipunguza kula. Siku ya kumi nikamwona mmoja anapanda shina la biringani kwa mguu mzito mzito, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, akafika ncha, akakumbatia. Jua lilipopanda alikuwa mwekundu. Ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya kumi na mbili nilikuwa bado juu ya msala, nimetoa salamu sasa hivi, Mama Dama akanigusa bega. "Rukia. Njoo usikie."

Nikamfuata mpaka ukingo wa shamba. Tukasimama. Nikatega sikio. "Sisikii kitu," nikasema.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Walikuwa juu ya kila mti, weupe, vichwa juu. Sijapata kuona mtu akiwatazama kwa woga kama ule wa Mama Dama, lakini hakukimbia.

Barazani, siku zilipotimia, wazee walikaa, Hawe Sidi alikaa chini peke yake, Bwana Katana alikuwa na karatasi zake tayari. Hazikusomwa. Mama Dama alisimama akasema, "Kwangu wamekufa kama kwake. Mimi nimelala na huyu mwanamke wa Barani nyumba moja, nimemkagua kila asubuhi, hakuna kilichoota. Sasa semeni. Kama yeye ni mchawi, na mimi je? Tuhamisheni wawili." Naibu wa chifu akakohoa, akasema Hawe Sidi abaki kwake. Hakuna aliyemwomba radhi. Waliinuka tu, wakakung'uta nguo.

Nilikuwa nimepika. Kwa furaha nilibeba mchele kutoka Malindi, nikapika wali wa nazi uani kwa Hawe, sufuria kubwa, kwa watu wote wa baraza. Hakuna aliyegusa. Walipita kando ya sufuria, macho chini, na mmoja akasema pole pole kuwa mikono hiyo imepika wali wa ukungu. Hata Mama Dama aliaga akaondoka. Nilibaki na mwiko. Hawe Sidi akakaa, akavuta sinia, akala kwa mkono, akala tena, mafuta yanamtoka kidevuni. "Usilie," akaniambia. "Watakula tu. Hata kama itabidi nife kwanza."

Miaka imepita mingi. Zuhura, niliyembeba tumboni siku zile, alizaliwa mzima na sasa ana wanawe. Bwana Katana alihamishwa, na sikujua alikoishia. Panzi hurudi na kuondoka, na mara nyingine mvua ikizidi, Hawe alikuwa akiniletea mmoja kwenye jani, kijani, kama zawadi, tunacheka. Lakini huko Jilore kula nilichopika mimi hakukuwa jambo la kuzungumzwa. Nilikwenda na vikapu vya nazi na sukari, walipokea. Chakula kilichoivia mikononi mwangu, hapana. Sikuwalaumu. Na mimi mpaka leo sijaweza kuacha wali ulale.

Juzi nilipika matangani. Niliosha mchele mwenyewe, nilikuna nazi mwenyewe, sikumruhusu Zuhura hata kukoleza moto. Shamba la Hawe lilikuwa nyuma yangu, mabiringani machache, na sikugeuka kulitazama mpaka nilipomaliza kupunguza makaa. Niligeuka. Kwenye ncha ya mti wa karibu alikuwepo mmoja, mweupe, amekumbatia. Nikafunika sufuria.

Ulipoiva nikapakua. Watu walisimama mbali kama zamani, vijana wakiwatazama wazee wao wafanye nini. Kisha Mama Dama akaja. Sasa anatembea na fimbo, jicho moja limeingia mtoto. Hakunisalimia. Alinishika mkono wa kulia, akaupeleka kwenye mwanga, akaugeuza, akapapasa katikati ya vidole, kwenye kucha, akakunja mkono wa gauni langu akaangalia kiwikoni. Matanga yote yalikuwa yanatazama. Akauachia. Akakaa chini, akaweka fimbo kando, akanyoosha sahani.

"Umepika mwenyewe?"

"Nimepika mwenyewe."

"Nitilie," akasema. "Na ukoko nao, usinipunje."